Tunamwandikia msomaji au tunauandikia mtambo?

Jumamosi moja nilishuka kwenye matatu pale Khayega, kwenye barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu, mahali ambapo njia ya Shinyalu huchepuka. Nilikuwa nimekwenda kuwaamkua jamaa na, nikikiri ukweli, kutazama fahali wakipimana nguvu. Kabla sijafika uwanjani, mpwa wangu alinishika mkono. Ana kibanda cha kompyuta karibu na soko, huchapisha barua na vyeti, na wanafunzi humiminika kwake kutolewa nakala za miongozo ya vitabu vya fasihi.

“Khotsa,” akaniita, yaani mjomba kwa lugha yetu, “nisomee hii kazi kwanza. Wewe si ndiye profesa wa Kiswahili?”

Kazi yenyewe ilikuwa ukurasa wa tovuti. Mwenye nyumba moja ya wageni alikuwa amemwagiza aandike ukurasa ambao mtu yeyote akitafuta habari za mapigano ya fahali kwa simu yake, huo ndio uwe wa kwanza kutokea. Alimpa na maneno ambayo lazima yatumike: “mapigano ya fahali Kakamega” na “hoteli bei nafuu Kakamega”. Malipo yangetolewa ukurasa ukipanda. Usipopanda, kijana angeambulia ahsante.

Niliketi nikasoma. Ukurasa ulianza hivi: “Ikiwa unatafuta mapigano ya fahali Kakamega, hapa ndipo mahali pa mapigano ya fahali Kakamega, kwani mapigano ya fahali Kakamega ndiyo mapigano bora zaidi ya fahali Kakamega.” Aya tatu zilizofuata zilienda mwendo huohuo. Nilipohesabu, fahali na Kakamega walikuwa wameandamana mara kumi na moja, na bado sikuwa nimeambiwa mapigano hayo hufanyika siku gani, wapi, wala kwa nini.

Nikatoa kalamu nyekundu, mazoea ya miaka zaidi ya thelathini darasani. Mpwa wangu akacheka. “Khotsa, hii sikumwandikia mtu. Nimeuandikia mtambo.”

Sentensi hiyo imenikaa kichwani tangu siku ile. Nimewahakiki waandishi waliomwandikia mtahini, waliomwandikia mfadhili, hata waliojiandikia wenyewe. Mwandishi anayesema waziwazi kwamba msomaji wake hana macho, hajui kuchoka na hacheki, sikuwa nimekutana naye. Na kwa kuwa Kiswahili cha aina hii ndicho kinachosomwa na vijana wengi kila siku kuliko riwaya na tamthilia tunazozihakiki, naona ni haki nacho kihakikiwe.

Kwanza tukubaliane kuhusu majina. Chombo hiki wengine hukiita injini ya utafutaji, wengine kitafutio. Mimi nitakiita mtambo wa kutafuta, maana anayesikia ataelewa bila kufafanuliwa. Yale maneno aliyopewa mpwa wangu tuyaite maneno muhimu. Wasomi wenzangu wasijifanye hawayajui. Tunapopeleka makala kwenye majarida, chini ya ikisiri huwa tunaandika “Maneno muhimu” na kuyaorodhesha manne au matano. Kumbe nasi tumo katika biashara hiyohiyo, ila hatujui bei.

Mtambo hautembei intaneti nzima pale unapobofya. Kazi hiyo hufanywa mapema. Kuna programu zinazozunguka usiku na mchana kutoka ukurasa hadi ukurasa zikifuata viungo, na kwa tabia hiyo zikaitwa buibui. Zinachokisoma huwekwa katika faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu: neno hili lipo katika kurasa hizi na hizi. Ukiuliza, mtambo hufungua faharasa hiyo, kisha huamua ukurasa upi utangulie na upi ukae nyuma. Ugomvi wote upo katika uamuzi huo.

Mitambo ya mwanzo, katika miaka ya 1990, ilitegemea sana kuhesabu maneno. Wajanja hawakukawia. Wakawa wanarudia neno moja mara mia kwa herufi nyeupe juu ya usuli mweupe, msomaji asilione lakini mtambo ulihesabu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza njia tofauti. Ukurasa upimwe kwa viungo vinavyouelekea kutoka kurasa nyingine, kila kiungo kikihesabiwa kama kura, na kura ya anayeheshimiwa iwe na uzito zaidi. Mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa ndani ya ukurasa haiitumii kuupangia nafasi. Mwaka 2011 ikaleta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyolenga kuzishusha kurasa duni. Leo kanuni zake zinataja kurudiarudia maneno kupita kiasi kuwa hila isiyokubalika.

Kwa hiyo mbinu ya mpwa wangu imepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka kumi. Nilipomwambia hivyo, alinijibu kwa hoja ambayo sikuweza kuipuuza: “Khotsa, kwa Kiingereza ni kweli, wako wengi mno. Kwa Kiswahili, kuhusu fahali wa hapa, tuko wangapi?” Alikuwa na maana kwamba palipo na kurasa chache, hata ulio mbovu hupata kiti cha mbele. Hapo ndipo ubaya ulipo. Kwa Kiingereza, ukurasa mbovu husukumwa chini na iliyo bora. Kwa Kiswahili, unaweza kuwa peke yake ukumbini, na mwanafunzi akauchukua kuwa mfano wa lugha sanifu.

Sasa tuhakiki. Kosa la kwanza ni la sarufi. Mtu anapoandika swali kwa simu huacha viunganifu. Huandika “hoteli bei nafuu Kakamega” kama anavyoandika ujumbe wa kutuma pesa. Hana kosa, maana anauliza tu. Kosa hutokea mwandishi anapolinyanyua fungu hilo lilivyo na kulitia ndani ya sentensi: “Sisi ni hoteli bei nafuu Kakamega.” A-unganifu umekwenda wapi? Kiswahili kinataka “hoteli ya bei nafuu mjini Kakamega”. Hiyo “ya” si pambo. Ndiyo inayoifunga bei kwenye hoteli. Ukiizoea lugha isiyo na viungo hivyo, utaanza kuiandika hata katika insha. Nimeshawasahihisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioandika “umuhimu elimu wasichana Kenya” kama kichwa cha insha. Wakati ule nilidhani ni uzembe. Siku hizi nadhani najua walikoitoa.

Kosa la pili ni la kimtindo. Mpwa wangu alijitetea: “Si nyinyi mnatufundisha takriri?” Ni kweli, tunafundisha. Lakini hebu tusikilize isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Ngoma hupigwa zikiwa tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya paa na njuga za chuma. Mwimbaji mmoja huongoza, wengine humwitikia. Kiitikio hurudi tena na tena, na hakuna anayelalamika. Kwa nini? Kwa sababu kila kinaporudi, kiongozi ameshaongeza jina, tukio au utani, na kiitikio kilekile kinasikika kwa maana mpya. Takriri hubeba kitu kila inaporudi. Katika ukurasa wa mpwa wangu, “mapigano ya fahali Kakamega” yalirudi mara kumi na moja mikono mitupu.

Jambo la tatu si kosa la mwandishi bali ni tofauti ya lugha zenyewe, na hapa nawaomba wasomaji waniazime sikio. Ufundi wa maneno muhimu ulikulia katika Kiingereza, lugha ambayo neno kwa kawaida hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani na mkiani pia. Chukua mzizi “pig”. Tuna piga, pigana, piganisha, wanapigana, hupigana, waliopigana, watakapopiganishwa. Mtambo unaolinganisha herufi kwa herufi huyaona hayo kuwa maneno saba yasiyo na undugu. Nomino nazo ni vivyo hivyo: mwalimu na walimu, jino na meno, jicho na macho. Hata fahali wetu ana shida. Kuna wasemao fahali wawili hawakai zizi moja, na wasemao mafahali wawili. Sisi tunaelewana. Anayehesabu herufi anaona wanyama wawili tofauti.

Wazee wa kamusi waliligundua tatizo hili kabla ya kompyuta kufika. Ndiyo maana mwanafunzi akitafuta “wanapigana” chini ya herufi W hatapata kitu, hadi afundishwe kung’oa viambishi na kwenda kwenye P. Mtambo nao unahitaji somo hilohilo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo unaoitwa SALAMA, wenye uwezo wa kulichambua neno la Kiswahili hadi mzizi wake. Hapa nyumbani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene walikusanya matini katika mradi wa Kencorpus, na kutokana na matini za Kiswahili wakaandaa maswali na majibu zaidi ya 7,000 ya kuifunzia mitambo. Mradi huo uligusa pia Kiluhya, kwa lahaja za Kibukusu, Kimarachi na Kilogoori. Kiisukha, lugha ya Khayega, hakikuwamo. Silaumu, kazi haifanywi yote kwa siku moja. Ila mpwa wangu alipolisikia hilo alisema, “Basi sisi hata buibui hawatujui.”

Mitambo ya leo imeerevuka na inajaribu kuelewa maana badala ya kuhesabu herufi tu. Hiyo ni habari njema kwa Kiswahili, na pia inabomoa hoja ya kurudia maneno. Mwandishi anayeandika “fahali”, kisha “madume hao”, kisha “wanyama hawa wanapokutana pembe kwa pembe”, anaupa mtambo ushahidi mwingi zaidi wa anachozungumzia kuliko anayeimba fungu moja kama kasuku. Uandishi mzuri na uandishi unaoonekana vimeanza kukaribiana.

Hadi hapo nilikuwa nashinda mjadala. Kisha mpwa wangu akanigeuzia kibao.

Alinipa simu yake. “Khotsa, wewe ukitaka kununua ile mashine ya kuweka mapajani, utaandika neno gani?” Nikamjibu bila kusita, “Kipakatalishi.” Akaniuliza, “Na hapa sokoni, nani mwingine ataandika hivyo?” Nikanyamaza. Aliendelea: watu huandika kompyuta, si tarakilishi. Huandika simu, si rununu. Huandika tivi, si runinga. Anayetafuta maneno muhimu huanza kwa kuuliza watu wanasema nini, na huwa na ushahidi, maana mitambo huhifadhi yale yanayoandikwa na watu. “Nyinyi mnabuni maneno, sisi tunaona yakikosa wateja. Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.”

Jameni, iliniuma, kwa sababu alikuwa sahihi nusu. Nimekaa kwenye vikao ambapo tumepigania tarakilishi dhidi ya ngamizi, na ngamizi dhidi ya kompyuta, huku umma umeshaamua na kwenda zake. “Rununu” ilikuwa na maana yake ya kale, minong’ono na uvumi, kabla hatujaipachika kwenye simu. Hatukuwahi kumuuliza mwuza simu. Ukusanyaji wa maneno muhimu, kwa namna yake ya kibiashara, ni utafiti wa matumizi ya lugha ambao sisi wanaisimu tulipaswa kuufanya kwa bidii kama hiyo.

Lakini yuko sahihi nusu tu. Kama kila mwandishi ataandika neno ambalo tayari linatafutwa, neno jipya litazaliwa wapi? “Tovuti” lenyewe lilikuwa geni siku moja. Leo mpwa wangu analitumia bila kujua kwamba kuna kizazi kilichobishana juu yake. Lilipata nafasi kwa sababu magazeti, redio na walimu walilitumia kabla halijatafutwa na mtu yeyote. Anayefuata umati daima ataona migongo tu. Jambo la busara ni kuyaweka yote mawili mahali pamoja: “kompyuta, yaani tarakilishi”. Anayejua la kwanza ataufikia ukurasa, na akiondoka atakuwa amelibeba la pili.

Tahajia nayo ni hivyo hivyo. Kuna wanaoandika isukuti, kuna wanaoandika isikuti. Ukichagua moja na kuificha nyingine, nusu ya wanaotafuta urithi wao hawatakuona. Kulitaja umbo la pili mara moja tu, kwa adabu, hakumchoshi msomaji yeyote.

Kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi iliyopita. Nilitafuta makala yangu mwenyewe kuhusu nyimbo za mazishi, ambayo ipo mtandaoni. Niliandika maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu angeandika. Haikutokea. Tulishuka kurasa nne, tano, wapi! Nilipoifungua kwa anwani yake nikaona sababu. Kichwa chake ni kirefu kama treni ya mizigo na hakina neno “nyimbo” wala “mazishi”. Maneno muhimu niliyoyaorodhesha mimi mwenyewe ni “umbo, maana, muktadha, utendaji”, maneno yanayoweza kukaa chini ya makala yoyote duniani. Mpwa wangu aliandika ukurasa unaopatikana lakini hausomeki. Mimi niliandika ukurasa ambao labda unasomeka lakini haupatikani. Wa kwanza kuumia ni yule msichana aliyesimama nje ya kibanda akisubiri nakala yake, ambaye atasoma kile tu kilichotokea juu.

Alikuwa ameshika kurasa za mwongozo wa Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege inayotahiniwa katika KCSE. Niliziomba nikazitazama. Jina la kitabu na neno “mwongozo” vilikuwa katika kila sentensi ya aya ya kwanza. Maudhui yenyewe yalianza ukurasa wa pili, tena kwa mistari miwili. Amelipa kwa kila karatasi. Ile karatasi ya kwanza aliinunua kwa ajili ya mtambo, haikumfaa yeye kwa lolote.

Ushauri wangu basi, kwa vijana wanaoishi kwa kazi hii na kwa wasomi wenzangu, ni mfupi. Neno muhimu litiwe kwenye kichwa na katika sentensi za mwanzo, kwa sarufi kamili, kisha liachwe lipumzike. Visawe na minyambuliko vifanye kazi iliyobaki, kwani Kiswahili kina utajiri huo. Kichwa cha makala ya kitaaluma kiseme inahusu nini kwa maneno ambayo mtu wa kawaida angeyatumia kuuliza. Na juu ya yote, ukurasa uwe na jambo la kusema, kwa sababu hakuna anayeunganisha wengine na ukurasa mtupu, na viungo hivyo bado ni kura.

Tuliuandika upya ule ukurasa mchana ule, tukakosa pambano la kwanza. Kichwa kikawa “Mapigano ya fahali katika Kaunti ya Kakamega: utayaonaje Khayega”. Fungu la mteja tuliliweka mara mbili, likiwa limevaa a-unganifu zake zote. Kwingine tulieleza kwamba hapa hakuna mtu anayepigana na mnyama kwa upanga, ni dume kwa dume, na anayegeuka kukimbia ndiye aliyeshindwa. Tukaeleza isukuti inavyowasindikiza, mahali salama pa kusimama, na kwamba ukipitia Ilesi unaweza kuliona lile jiwe linalosemekana kulia. Mpwa wangu alijaza nusu ya habari hizo kichwani mwake, pasipo kutafuta popote. Alikuwa nazo siku zote, ila hakuna aliyemwambia kwamba zina thamani kuliko fungu la maneno manne.

Wiki mbili baadaye nilimpigia simu kuuliza tumefika nafasi ya ngapi. “Khotsa, tulia,” akasema. “Buibui hawaji sokoni kila siku. Lakini yule mwenye nyumba ya wageni ameusoma mwenyewe hadi mwisho, na ule wa kwanza hakuumaliza.” Nikamwuliza kama amelipwa. Akasema bado.